Masharti ya Mwalimu wa Asembla

Katika miaka yote niliyomjua, Mwalimu aliniomba kitu kimoja tu, nami nikamnyima. Aliniomba nimsomee. Macho yake yalikuwa yanazimika, na kazi yake, ambayo sijaona mtu mwingine akiifanya kwa namna ile, ilikuwa kazi ya kusoma mstari kwa mstari. Bila mtu wa kumsomea ingemfia mikononi. Nilimjibu kwamba nitafikiria. Nikaenda kufikiria Vingunguti, nikafungua kibanda changu cha ufundi hukohuko, na sikukanyaga kwake kwa miaka mitatu. Nalisema hili mapema ili nitakapoanza kumsifu asiwepo wa kunidhania mwema.

Kwao wapi, aliolewa au hakuolewa, sijui na sikuuliza. Nilimkuta akiwa tayari Mwalimu: mwanamke mfupi, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi dawati la nyuma. Aliwahi kufundisha chuo cha ufundi, akaacha, na watu wa mtaa wakaendelea kumwita kwa cheo kilekile. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele katika nyumba ya kupanga Mwananyamala, dirisha likitazama uchochoro. Hapo aliletewa bodi zilizoungua: za mizani, za pampu za maji, za mabango ya taa, na zaidi ya yote za mashine za kutotolesha mayai. Mafundi wengine wakiona chipu imekufa wanakwambia kanunue mashine nyingine. Yeye alichukua chipu tupu akaiandikia programu upya.

Aliandika kwa asembli, lugha iliyo jirani kabisa na ile ya chipu yenyewe. Ni amri fupi fupi tu: weka hiki, toa kile, linganisha, ruka. Kisha programu nyingine iitwayo asembla inazigeuza amri hizo kuwa namba, na namba ndizo zinazochomwa kwenye chipu. Mimi nilikwenda kwake nikiwa nimetengeneza simu miaka minne, kichwa kimejaa ujuaji. Alikuwa akichukua wanafunzi watatu kwa wakati mmoja, watu wazima, na siku ya kwanza alituambia kwamba wiki nzima hatutagusa programu. Tutajifunza kuita asembla tu.

Asembla hiyo haina kitufe cha kubonyeza. Unafungua kioo cheusi cha kompyuta, unaandika jina lake, unaandika jina la faili lako, na katikati unaweka vistari vyenye herufi, kila kimoja na maana yake. Kistari na p kinasema chipu ni ya aina gani. Kistari na o kinasema faili litakalotoka liitweje. Vitabuni vinaitwa opsheni. Mwalimu aliviita masharti, kama yale ya mganga, na alikuwa na sababu yake. Dawa ni ileile, alisema, lakini vunja sharti uone itakavyofanya.

Katika chumba kile hakuna aliyebonyeza Enta kabla hajaisoma amri yake kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, na kulitetea kila sharti. Hata kama ni amri ya kumi ya siku hiyo na ni ileile.

"Hili la nini?"

"La aina ya chipu, Mwalimu."

"Kwa nini aina hii?"

"Ndiyo iliyopo kwenye bodi."

"Umeiona kwa macho au umeambiwa?"

Hapo unachukua lenzi, unainama, unasoma maandishi madogo mgongoni mwa chipu, na mara nyingine unakuta kweli uliambiwa vibaya. Wiki ya kwanza nilimwona mwehu. Wiki ya tatu nilianza kumwogopa. Baada ya miezi sita nilikuwa nikimtazama jinsi watoto wanavyomtazama mtu anayekata keki, sibanduki.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja alikuwa braza wa ofisini, shati limechomekwa, manukato yanatangulia. Yeye alikuja na amri ndefu aliyoikariri, vistari saba mfululizo, akaiandika bila kutazama vidole. Mwalimu akaweka ukucha kwenye kioo.

"Hiki cha tano?"

"Aah, hicho huwaga nakiweka tu, Mwalimu."

"Nani kakwambia ukiweke?"

"Nilikikuta kwenye intaneti."

"Basi tumwite huyo wa kwenye intaneti aje amalizie kazi."

Alimfutisha vyote. Akamwambia aandike jina la asembla peke yake, abonyeze Enta. Asembla ikalalamika kwamba haijui faili. Aliongeza faili. Ikalalamika kwamba haijui chipu. Aliongeza chipu. Alikwenda hivyo siku mbili, hakuruhusiwa kuongeza sharti mpaka shida yenyewe ilidai. Siku ya pili shati lilikuwa limechomoka, na alikuwa akivitaja vile vistari kama ndugu zake wa damu. "Ukiweka usichokijua," Mwalimu alimwambia, "umemwachia mtu mwingine akuamulie. Na mtu mwenyewe hayupo hapa." Braza yule baadaye alikuja kuwa fundi mzuri kuliko mimi, na sisemi hivyo kwa kupenda.

Mimi zamu yangu ilikuja kwa maonyo. Asembla hutoa makosa, yanayoizuia kazi, na hutoa maonyo, yasiyozuia kitu. Maonyo yalikuwa yananijazia kioo kwa mambo niliyoyaona madogo, na kuna sharti la kuyanyamazisha. Nikaliweka. Asubuhi Mwalimu aliliona, hakusema neno. Nikamwomba bisibisi, kimya. Nikamuuliza kama chai iko tayari, kimya. Alizungumza na wenzangu, akacheka nao, mimi nikawa kama kiti. Jioni nilishindwa kuvumilia.

"Mwalimu, mie nimekosa nini?"

"Si umesema hutaki kuambiwa? Tangu asubuhi nataka nikwambie lehemu yako imechoma begi."

Nilifunua. Ile pasi ya kulehemu niliyoirudisha ikiwa moto ilikuwa imetoboa begi tundu la kupitisha ngumi, na imekwenda na nusu ya daftari. Wenzangu walicheka mpaka wakashika kuta. Sijanyamazisha onyo tena tangu siku hiyo.

Lakini sharti alilolipenda kupita yote lilikuwa la listi. Hilo linaiambia asembla ikupe faili la pili, la binadamu: kushoto zile namba zitakazokwenda kwenye chipu, kwa hesabu ya kumi na sita yenye tarakimu na herufi, kulia maneno yako uliyoyaandika, mstari kwa mstari. Watu wengi hawaliombi. Kazi imepita, ya nini tena kusoma? Mwalimu aliichapisha steshenari ya kona, akairudisha mezani, akachukua rula na biro nyekundu, akaanza ukurasa wa kwanza. Kurasa sitini, alisoma sitini. Kazi aliyokwisha kuifanya mara ishirini, alisoma. "Kulia ni ulichotaka," alituambia. "Kushoto ndicho ulichopata."

Kitu kilichonishangaza ni kwamba usomaji huo wa kuhesabu pumzi aliufanya kwenye kelele za singeli. Jirani yetu alikuwa na banda la kuwekea watu nyimbo kwenye simu, spika mbili nje, na ngoma ilikuwa inatikisa hata vikombe. Mwalimu aliteremsha rula mstari kwa mstari huku kichwa kikifuata mdundo. Yule jirani akizima, Mwalimu anatuma mtu akamuulize kama ameugua.

Na nje ya listi alikuwa fujo tupu. Funguo zake zilipotea kila wiki. Maharage yake yalitiwa chumvi mara mbili au hayakutiwa kabisa, nasi tulikula. Saa ya ukutani ilisimama saa nne kasoro na ilibaki saa nne kasoro, juu ya kichwa cha mtu anayetengeneza saa za wenzake. Barabara ya lami hakuweza kuivuka bila kushika mkono wa mtu na kufumba macho. Mtu aliyekataa kuamini maandishi ya kiwandani mgongoni mwa chipu aliamini kila alichoambiwa kuhusu mvua, hata na mpita njia, na alitembea na mwamvuli kiangazi chote.

Sura za watu hakuzishika, na majina ndiyo kabisa. Wateja wake aliwajua kwa masharti. Mashine zote za kutotolesha alizozitengeneza, na zilikuwa zaidi ya arobaini, aliziandikia programu moja. Hakutaka mafaili arobaini. Tofauti za mashine na mashine alizitaja kwenye amri, kwa sharti linaloiambia asembla: safari hii chukulia feni ni mbili, chukulia kengele haipo. Kwa hiyo kila mteja kichwani mwake alikuwa amri. Siku moja nimemsindikiza sokoni, mama mmoja akatusimamisha.

"Shikamoo, Mwalimu! Umenisahau?"

Mwalimu alimtazama usoni, wapi. Akamuuliza mashine yake ina milango mingapi.

"Mmoja."

"Wa kioo?"

"Wa kioo."

"Marahaba. Feni mbili, trei sita, kengele hutaki kwa sababu ya mtoto."

"Ndiyo mie!" Yule mama alishika mdomo.

Nikiwa mkaidi niliamua kumjaribu. Nikachota bodi moja kutoka rundo la zilizochoka, nikamsomea namba iliyoandikwa kwa kalamu pembeni. Aliitaja amri nzima. Nikachota nyingine, akaitaja. Nilifika ya kumi na moja, nikaacha. Sijui mtu anawezaje kubeba vitu hivyo kichwani na asijue alipoweka funguo.

Macho yalianza kwa rula. Niliona inatua mstari mmoja chini ya alipokuwa akisoma, anairudisha, inatua tena. Akabadilisha balbu. Akalaumu steshenari kwa wino. Mwisho akaenda kupimwa, akaambiwa ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi. Alituambia kwa sauti ileile ya kutuambia bei ya chipu. Wanafunzi wakapungua, wateja wakaanza kuja kwangu badala yake, na siku moja mchana, tukiwa wawili, alisema:

"Wewe, mwanangu. Nataka mtu wa kunisomea. Masaa mawili kwa siku. Mie nisiyeona listi si fundi tena, ni mzee wa stori."

Nilikuwa na haraka ya kuwa na bango lenye jina langu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa kukaa pale nimwone akikosea. Mtu uliyemstaajabia kiasi kile hutaki uwe shahidi wa kuanguka kwake. Nikasema nitafikiria, na kilichofuata nimekwisha kukisimulia.

Juzijuzi mama mmoja wa Ukonga alinipigia simu asubuhi. Majirani zake wanamwita Mama Vifaranga, na mashine yake ni moja ya zile za Mwalimu. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, bodi ikaungua, chipu ikafa. Ndani ya mashine mlikuwa na mayai ya siku tisa, trei zote zimejaa, mtaji wake mzima. Nilimwambia asihangaike, ninakuja, programu ninayo.

Programu nilikuwa nayo kweli, ileile ya Mwalimu, sijabadilisha herufi. Amri ndiyo sikuwa nayo. Miaka yote nilikuwa nimeihifadhi kwenye kifaili ili nisiiandike kila mara, na kifaili kilikufa pamoja na kompyuta ya zamani. Kwenye kompyuta mpya niliiandika kutoka kichwani. Sikuisoma kwa sauti. Nani angenisikia? Nikabonyeza Enta. Hakuna kosa, hakuna onyo. Nikachoma chipu, nikaipachika, nikawasha.

Joto lilitakiwa lipande hadi thelathini na nane lisimame. Lilifika thelathini na nane likapita. Likafika arobaini na mbili nikachomoa waya. Afadhali mayai yalikuwa nje, tumeyafunika kwa khanga na blanketi, katikati ya chupa za maji ya moto. Nikabadilisha kipima joto. Likapita. Nikabadilisha swichi ya hita. Likapita. Nikachoma chipu ya pili kwa amri ileile, kwa imani ileile. Mama Vifaranga aliacha kuniuliza maswali. Alikuwa akichukua yai mojamoja, analigusisha shavuni, analirudisha.

"Yanapoa, dada," alisema. "Jioni hayafiki haya."

"Nahangaika nayo, mama."

"Naona. Yule Mwalimu wako je?"

"Haoni siku hizi."

"Kwani nimekuuliza kama anaona?"

Niliita bodaboda. Mwananyamala nilipita steshenari ya kona kwanza nikachapisha listi, maana kuingia chumba kile bila karatasi sikuweza hata baada ya miaka mitatu.

Alikuwa amekaa kwenye benchi lake, uso umeelekea ukutani. Kizingitini alikaa jirani mwingine, mwanamke anayekaanga mihogo mdomoni mwa uchochoro, na beseni la mihogo katikati ya miguu, anamenya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Aligeuza sikio. "Umenenepa. Nasikia viatu vinalalamika."

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi. Yote yalinikauka. Naye hakuniuliza nilikuwa wapi.

"Ishu gani?"

Nikamweleza. Mayai, joto, kipima joto, swichi, chipu mbili.

"Listi unayo?"

"Ninayo."

"Soma."

Nikaanza kusoma, na nilisoma kwa kasi ya mtu mwenye mayai yanayopoa. "Hapa inaanza, hapa inapima joto, hapa weka thelathini na nane, sawa, hapa inalinganisha..."

"Sikukuomba maelezo. Soma kushoto."

Nikajitahidi kusoma kushoto. Lakini macho yangu yalikuwa yakikimbilia kulia, yanaona maneno ninayoyajua, yanaridhika, yanaruka. Nusu ya namba nilizitaja kwa kukisia na sikujua kama ninakisia. Mwalimu aliinua mkono.

"Mpe jirani."

Sikuelewa nimpe nini. Yule mwanamke alikuwa tayari anafuta mikono kwenye khanga. Alisogeza kigoda hadi ubavuni mwa Mwalimu, na hapo nikaona kwamba kigoda kile kina mto, na mto umebonyea kwa kukaliwa. Alichukua karatasi mkononi mwangu, akaweka kidole mstari wa kwanza.

"Nianzie juu kabisa?"

"Juu kabisa."

"Mbili, nane, sifuri, tano," alisoma. "Sifuri, moja, nane, sita." Kila namba aliipa uzito uleule, taratibu, kama anayehesabu mihogo ndooni. Alipokutana na herufi aliitaja, akaendelea. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama anajua zinasema nini. "Mie sizijui, dada. Nazitaja tu," alijibu, na kidole hakikuondoka mahali pake.

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Midomo ilikuwa inatembea, kidole cha mkono wa kulia kinagonga gotini kila namba nne zikitimia. Nilimtazama nikaelewa kwamba programu nzima ilikuwa inapita ndani ya kichwa chake, kila namba inavyotajwa anaigeuza kuwa amri na kuiweka mahali pake. Hakuona herufi hata moja, lakini alikuwa akisoma kuliko alivyopata kusoma mbele yangu. Nilisimama pale na begi langu begani, nikajiona mdogo, na sikuchukia kuwa mdogo.

Ukurasa wa tatu, karibu na juu, yule jirani alisoma, "Tatu, sifuri, tatu, nane."

Kidole cha Mwalimu kilisimama. "Rudia."

"Tatu, sifuri, tatu, nane."

"Wewe. Kulia pameandikwa nini hapo?"

Nikainama. "Weka thelathini na nane."

"Thelathini na nane ya kwetu ikipita kwa asembla inatoka mbili sita. Hii imetoka tatu nane, vilevile ilivyoingia. Kwa nini?"

Nilijua. Nilijua kabla hajamaliza kuuliza, na nilitamani sakafu inimeze. Kwa hesabu ya kumi na sita, mbili sita ni kumi na sita mara mbili, ongeza sita: thelathini na nane. Na asembla ile, usipoiambia kitu, hata namba uliyoiandika wewe inaisoma kwa kumi na sita badala ya kumi. Tatu ya mwanzo kwake ni kumi na sita mara tatu, arobaini na nane, ongeza nane.

"Hamsini na sita," nilisema.

"Umeagiza mayai ya kuchemsha."

Jirani alicheka. Mimi nilishindwa.

"Sasa nisomee amri."

Nikaisoma. Aina ya chipu, jina la faili, listi, feni, trei. Nikafika mwisho.

"La hesabu?"

Kistari na r, halafu dec: hesabu kwa kumi. Halikuwepo. Kwenye chumba kile nililiandika mara mia na nikalitetea mara mia, na siku nilipokuwa peke yangu halikuwepo.

"Nilisahau, Mwalimu."

"Hukusahau. Hukusoma."

Nikafungua kompyuta kwenye meza yake, nikaiandika amri upya, nikaisoma kwa sauti sharti kwa sharti. Aliitikia kwa kichwa, nikabonyeza Enta. Kwenye listi mpya pale palikuwa na tatu, sifuri, mbili, sita. Nikachoma chipu hapohapo. Nitamaliza habari ya mayai kabisa: jioni ile joto la mashine ya Mama Vifaranga lilipanda hadi thelathini na nane na kusimama, na ingawa trei mbili zilipotea, zilizobaki zilitotoa siku yake.

Lakini kabla sijatoka nilijikaza, chipu mkononi.

"Mwalimu, nilikukimbia."

"Najua."

"Uliponiomba nikusomee, nilitakiwa nibaki."

Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali kwangu angekuwa nayo.

"Ungebaki, tungekuwa tumeshafunga zamani," alisema. "Wewe unasoma unachokijua. Na mie ningekuamini, kwa sababu nimekufundisha mwenyewe. Tungekosea wote wawili na kusifiana. Huyu hajui kitu. Anasoma kilichopo."

"Namshukuru Mungu sijui," jirani alisema.

Miaka mitatu nilikuwa nimebeba mzigo wa kwamba nimeiua kazi ya Mwalimu. Kumbe nilijipa ukubwa. Kazi ilikuwa hai, na ilikuwa imenipita. Iliniuma, na hapohapo nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, nikashukuru kwamba hayaonekani, kisha nikakumbuka kuna mmoja pale anayeona.

"Nenda, mayai yanapoa," Mwalimu alisema. "Karatasi iache. Hatujaimaliza."

Nikatoka. Mdomoni mwa uchochoro kaango lilikuwa limekaa juu ya jiko bila moto, na mteja mmoja wa mihogo amesimama, mikono kiunoni.

"Mama, vipi, leo hupiki?" aliita kuelekea chumbani.

"Ngoja, nipo ukurasa wa tatu!"

Yule mteja alinitazama akitaka nimweleze. Nikapanda bodaboda, na nyuma yangu sauti ya ndani ilikuwa imekwisha kuanza tena, namba moja baada ya nyingine, bila haraka.